Huyu Alikuwa Kama Sisi

Mpwa wangu alinikuta dukani kwa mama yake, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa ile ya jioni ambapo wateja wa rejareja wamekwisha na wale wa mikoani wanafungisha mizigo. Alikuwa na simu mkononi na uso wa mtu aliyepata habari asiyojua kama aifurahie au aiogope.

"Shikamoo mjomba. Hebu soma hapa."

Nikasoma. Kurasa chache tu, Kiingereza cha mawakili. Mtu mmoja wa ng'ambo, aliyewahi kuanzisha kampuni yake ya programu na kuiuza, yuko tayari kumpa fedha za kuanzia. Hataki riba. Hataki hati ya nyumba wala mdhamini. Hakuna tarehe ya marejesho. Anachotaka ni haki ya kupata hisa baadaye, siku wawekezaji wakubwa watakapoingia, na kampuni isajiliwe Delaware, Marekani.

Kijana ametengeneza programu ya simu ya kuweka kumbukumbu za mali kauli: nani kachukua mzigo, kwa bei gani, kaahidi kulipa lini, na mara ngapi amepigiwa simu asipokee. Mama yake ndiye mteja wake wa kwanza, na ndiye anayemlalamikia kuliko wote.

"Unamwamini huyu?" nikamuuliza.

"Mjomba, huyu alikuwa kama sisi. Anajua tunavyoteseka."

Dada yangu, ambaye nilidhani hasikilizi kwa kuwa alikuwa anahesabu doti za khanga, akauliza bila kuinua kichwa: "Na mkishindwa, anachukua nini?"

"Hachukui kitu, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaweka doti nyingine juu ya rundo. "Basi huyo si mkopeshaji. Muulize anataka nini."

Tulicheka, tukafunga duka, kila mtu akaenda zake. Lakini kauli zile mbili, ya mtoto na ya mama, zimenikaa kichwani wiki hizi zote na hazipatani. Kama huyu mtu kweli alikuwa kama sisi, kwa nini tumuulize anataka nini? Si anataka tunachotaka sisi?

Lakini si mimi

Karatasi aliyonionyesha kijana ina ukoo wake. Mkataba wa namna ile unaitwa SAFE, na ulitoka mwaka 2013 katika Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowapa waanzilishi wa kampuni changa fedha za kuanzia na ushauri, mikononi mwa mwanasheria wao Carolynn Levy. Y Combinator yenyewe ilianzishwa mwaka 2005 na watu wanne: Paul Graham, Jessica Livingston, Robert Morris na Trevor Blackwell. Ukiacha Livingston, watatu waliobaki walikuwa wamejenga pamoja kampuni iliyoitwa Viaweb, iliyowawezesha wafanyabiashara kufungua duka kwenye intaneti bila kujua programu. Yahoo iliinunua mwaka 1998 kwa karibu dola milioni 49, zilizolipwa kwa hisa.

Kwa hiyo nikiambiwa "mjasiriamali aliyegeuka mwekezaji", Graham ndiye ninayemfikiria kwanza. Wapo matajiri kuliko yeye katika kazi hiyo. Ila yeye ameandika sana juu ya mambo haya, mengine hayampi sifa, kiasi kwamba unaweza kumfuata hatua kwa hatua.

Na hatua inayonivutia ni ile aliyokataa.

Mwanzoni mwa 2005 aliitwa kuzungumza na klabu ya kompyuta ya wanafunzi wa Harvard kuhusu namna ya kuanzisha kampuni. Akawaambia, fedha za mwanzo zitafuteni kwa watu waliowahi kuanzisha kampuni wao wenyewe, hasa waliotajirika kwa teknolojia, maana hao watawapa fedha na ushauri pia. Alipomaliza kusema hivyo akaona macho ya ukumbi mzima yamemgeukia. Akaogopa kufurikwa na maandiko ya miradi. Akaongeza haraka: lakini si mimi.

Amesimulia hayo mwenyewe, na kwamba baadaye roho ilimsuta. Tangu auze kampuni alikuwa amekusudia kuwekeza kwa vijana. Miaka ikawa inapita, saba hivi, na hakuna alichofanya.

Hapo ndipo imani ya mpwa wangu ilipoanza kunitia mashaka. Tunapenda kuamini kwamba aliyepita njia ya miiba humkumbuka anayekuja nyuma. Huyu alikumbuka, alikuwa na uwezo, na alikaa tu. Kilichomwinua ni aibu ya kutazamwa, pamoja na mazungumzo ya usiku mmoja akitembea kurudi nyumbani kutoka kula chakula na Jessica Livingston, ambaye alikuwa anasubiri jibu la kazi kutoka kampuni moja ya uwekezaji na amechoka kusubiri. Wakaamua kuanzisha ya kwao.

Dola 10,000 na wakili ndani yake

Rudi nyuma miaka kumi. Mwaka 1995 Graham alikuwa mtu mwenye shahada ya uzamivu ya kompyuta ambaye moyo wake ulikuwa kwenye uchoraji. Alikuwa amesomea kuchora hadi Florence, Italia. Jaribio lake la kwanza la biashara lilikuwa kuziweka nyumba za sanaa za New York kwenye intaneti, na wenye nyumba hizo hawakutaka hata bure.

Wakati wanaanza Viaweb, fedha alizokuwa nazo benki zilikuwa chache kuliko kodi aliyodaiwa na serikali. Yaani ukimpigia hesabu, alikuwa chini ya sifuri.

Aliyewatoa ni Julian Weber, mume wa mchoraji Idelle Weber, aliyekuwa mwalimu wa Graham. Aliwapa dola 10,000. Akawafanyia na kazi ya kisheria ya mwanzo, akawa anawashauri mambo ya biashara. Kwa yote hayo wakampa asilimia 10 ya kampuni.

Nimeisoma habari hiyo mara kadhaa na kila mara naona kilichokuwa cha thamani zaidi si zile elfu kumi. Ukiwa na vijana watatu wanaojua kompyuta na hawajui mkataba, mtu anayekaa nao mezani akaandika nani anamiliki nini amewaepusha na ugomvi ambao ungewaua kabla mteja hajafika. Sisi wa Dar tumeziona kampuni ngapi za marafiki zikifa kwa sababu hakuna aliyeandika?

Kisha tazama hili. Ilipofika 2005 na Y Combinator ikawa inapanga masharti, hawakwenda kuuliza wawekezaji wa California wanatoza vipi. Graham anaeleza kwamba walichukua mkataba wao na Weber, wakauchanganya na kiasi walichokuwa wakipata wanafunzi wa uzamili wa MIT kwa kazi za kiangazi, dola 6,000. Wakatoa dola 6,000 kwa kila mwanzilishi, na kwa kawaida wakachukua asilimia 6 ya kampuni. Wenye kampuni ya watu wawili wakapata 12,000 kwa asilimia 6. Kwake hiyo ilikuwa haki, kwa kuwa ni nafuu mara mbili kuliko waliyopewa wao.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Weber aliwalea hivyo, na wao wakalea wengine hivyo hivyo, wakaongeza na kidogo.

Vyungu vya Jumanne

Kiangazi kile cha kwanza maombi yalikuwa 225. Wakachagua vikundi vinane, wakawakusanya Cambridge, Massachusetts. Kila Jumanne walikula pamoja. Graham mwenyewe akipika mchuzi mzito kwenye vyungu vya umeme, na mgeni mmoja aliyewahi kujenga kampuni akija kuzungumza. Joto lilikuwa kali mwaka ule, Livingston akawapelekea vijana viyoyozi kwenye vyumba walimokaa.

Viyoyozi! Sijawahi kuona mkataba wa uwekezaji wenye kipengele hicho.

Na fedha zilikuwa zao wenyewe, za mifukoni mwao. Liweke hilo akilini, tutalihitaji.

Katika vikundi vile vinane walikuwemo vijana wawili kutoka Virginia, Steve Huffman na Alexis Ohanian. Walikuja na wazo la kuagiza chakula kwa simu. Wakakataliwa. Wakiwa kwenye treni kurudi kwao, Graham akawapigia: wazo lenu hatulitaki, ila ninyi tunawataka, mkikubali kubadilisha wazo. Wakashuka kwenye treni. Walichokwenda kujenga ni Reddit, mtandao wa majadiliano.

Hapo kuna jambo. Mwenye benki angesoma andiko la mradi. Huyu alitupa andiko akabaki na watu. Kwa nini? Naamini ni kwa sababu yeye mwenyewe alianza na nyumba za sanaa akaishia na maduka ya mtandaoni. Alijua kwa ngozi yake kwamba wazo la kwanza ni nguo ya kusafiria; ukifika mjini unabadilisha.

Kuhusu kusoma watu, lakini, sifa nyingi zinamstahili Livingston. Wenzake wanakiri kwamba wakati wa usaili wa dakika kumi wao walikuwa wakibishana juu ya teknolojia, yeye alikuwa kimya akiwatazama wale vijana wanavyotazamana. Nani anamkatiza mwenzake, nani anadanganya. Walimsikiliza. Na yeye hakuwahi kuanzisha kampuni kabla ya hiyo.

Kwa hiyo jicho lililotegemewa sana kwa tabia za watu ndani ya chumba kile lilikuwa la mtu ambaye hakuwahi kuwa "kama sisi". Nilipofika hapo nililazimika kuweka simu chini nikafikiri.

Maboksi ya nafaka

Bado nataka kumtendea haki mpwa wangu, maana kuna kisa kimoja kinachompa pointi zote.

Mwishoni mwa 2008 vijana watatu walikuja kwenye usaili na wazo la kuwapangisha wageni godoro la kujaza upepo sebuleni kwa mtu. Graham hakulipenda. Nani atakubali kulala kwa mtu asiyemjua? Walipokuwa wanaondoka, mmoja wao akatoa boksi la nafaka ya kifungua kinywa lenye picha ya Obama. Walikuwa wameyatengeneza maboksi hayo wakati wa uchaguzi wa Marekani, la Obama na la McCain, wakayauza dola 40 kila moja ili kampuni yao isife. Walipata karibu dola 30,000.

Graham akabadilika palepale. Mtu anayeweza kumshawishi mwenzake anunue nafaka ya dola nne kwa dola 40, huenda atamshawishi na kulala kwa mtu. Aliwaona kama mende, hawafi kirahisi. Kwake hiyo ni sifa. Akawapa dola 20,000. Ndiyo Airbnb, ambayo siku ya kuingia soko la hisa, Desemba 2020, ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 80.

Mwekezaji mwingine mashuhuri, Fred Wilson wa New York, aliwaona vijana hao hao na kuwapita. Baadaye aliandika kukiri hivyo, na boksi moja la nafaka ile likawekwa kwenye chumba chao cha mikutano lisisahaulike. Wilson si kipofu. Aliingia Twitter mapema kabisa. Ila yeye aliona godoro. Graham, aliyewahi kuishi na deni la kodi huku akijenga kampuni, aliona boksi.

Nafaka ile haikuwa na uhusiano wowote na biashara yao. Kwenye andiko la mradi isingekuwa na ukurasa. Ni mtu aliyewahi kukosa mshahara wa mwezi ndiye anayejua kwamba pale palikuwa na habari yote.

Sawa, kijana. Hapo umeshinda.

Lafudhi

Ila jicho la aina hiyo lina upande wa pili. Linatambua haraka kile lilichowahi kuona kwenye kioo.

Mwaka 2013, katika mahojiano na jarida la Inc., Graham alisema kwamba mwanzilishi mwenye lafudhi nzito ya kigeni ni dalili mbaya. Kelele zikapigwa. Akaeleza kwamba alimaanisha lafudhi nzito kiasi cha watu kutomwelewa msemaji, na kwamba kiongozi wa kampuni lazima aeleweke na wateja, wafanyakazi na wawekezaji. Mwaka huohuo, kwa utani, aliliambia gazeti la New York Times kwamba anaweza kudanganywa na yeyote anayefanana na Mark Zuckerberg.

Utani ule ni mwepesi ukiwa unafanana na Zuckerberg.

Nilimfikiria mpwa wangu. Kiingereza chake ni cha shule ya kata na video za YouTube. Anaandika vizuri, akizungumza anatafuta maneno. Kwa dakika kumi za usaili, maneno ndiyo mtaji wote alio nao. Kwa Kiswahili ukimkuta Kariakoo anambembeleza mwenye duka la jumla afungue daftari lake la madeni, utampa fedha zako bila kuhesabu.

Sitaki kulifanya hili kuwa jepesi, maana ukweli haukubaki hapo. Y Combinator iliichukua Paystack, kampuni ya malipo ya Nigeria, mwaka 2016, na Stripe, kampuni kubwa ya malipo ya mtandaoni, ikaja kuinunua mwaka 2020. Mwaka 2019 iliichukua NALA ya Mtanzania Benjamin Fernandes, ambayo leo ndugu zetu wa Uingereza na Marekani wanaitumia kutuma fedha nyumbani. Mlango upo. Lakini Fernandes alikuwa amepita Stanford kabla ya kuugonga, na nadhani hiyo ndiyo lafudhi iliyozungumza. Kwa huyu wa Mtaa wa Kongo, neno "sisi" katika "alikuwa kama sisi" linabeba mzigo mzito. Kama sisi kwa lipi? Kwa kukosa fedha, ndiyo. Wale vijana wa Viaweb walikosa fedha wakiwa na shahada za Harvard, na rafiki ambaye mume wake ni wakili.

Kampuni iliyomlea haiwezi kumlisha

Sasa swali la dada yangu.

Mwaka 2012, miaka saba baada ya kuanza, Graham aliandika hesabu ambayo ningetamani kila kijana aisome kabla ya kusaini. Y Combinator ilikuwa imeshawekeza kwenye mamia ya kampuni. Thamani ya zote pamoja aliikadiria kuwa kama dola bilioni 10. Na katika hizo, karibu robo tatu ilikuwa ya kampuni mbili tu: Dropbox, ile ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, na Airbnb.

Mbili. Zilizobaki zote, zilizokufa na zilizo hai, zenye wateja, wafanyakazi na faida, zikagawana robo.

Chukua Viaweb uiweke kwenye orodha hiyo. Mwisho wa mwaka wao wa kwanza wa biashara, 1996, walikuwa na maduka kama 70. Mwisho wa 1997, kama 500. Wakauzwa kwa milioni 49. Ni kampuni iliyomtoa kwenye deni la kodi ikamfanya tajiri, ikampa muda wa kuandika na kuchora, ikamfungulia kila kitu kilichofuata. Kwenye bilioni 10 haifiki hata nusu ya asilimia moja.

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu kuliko popote.

Mwekezaji hahitaji kampuni kama ile iliyomwokoa yeye. Ikija kwake leo Viaweb nyingine, nzuri vilevile, yenye watu werevu vilevile, ikauzwa kwa bei ileile, hesabu yake haitikisiki. Atafurahi kwa ajili yao kama binadamu, nami naamini atafurahi kweli. Ila hailipi.

Ndiyo maana mkataba hauna tarehe ya marejesho. Kwa mali kauli, ukichukua mzigo wa Sh milioni tano ukaungua na moto, deni liko palepale; mwenye mzigo anataka milioni tano zake, hazizidi, hazipungui, na atakusubiri nyumbani kwako. Hana haja uwe Bakhresa. Huyu wa SAFE ukiungua anakusamehe siku hiyohiyo, na anaweza hata kukupigia simu ya pole. Ila ukikaa salama, ukauza kidogo kidogo, ukasomesha watoto, ukawa na duka zuri la kudumu, hapo ndipo hamwelewani. Hukumkosea kitu. Ni kwamba yeye alinunua nafasi ya wewe kuwa mkubwa mno, na wewe umeamua kuwa wa kawaida.

Dada yangu alifika hapo kwa maswali mawili huku anahesabu khanga.

Fedha za nani

Nilisema tutahitaji lile la mifukoni. Kwa miaka ya kwanza Y Combinator ilitumia fedha za waanzilishi wake. Mwaka 2009 ikaingiza fedha za nje, kampuni ya uwekezaji ya Sequoia Capital ikiwa mbele, na baadaye zikaja nyingine nyingi zaidi. Hakuna ubaya katika hilo. Huwezi kuwasaidia mamia kwa fedha za mtu mmoja.

Lakini anayetumia fedha zake anaweza kuridhika na kampuni ndogo nzuri, akasema basi, nimesaidia. Mfuko wa mtaji ubia, unaokusanya fedha za wengine na kuziwekeza kwenye kampuni changa, hauwezi. Kwa kawaida una maisha ya miaka kumi hivi, na una wenye fedha: mifuko ya pensheni, vyuo vikuu, familia tajiri, mashirika ya maendeleo. Msimamizi analipwa asilimia mbili hivi kwa mwaka ya fedha anazosimamia, na asilimia 20 hivi ya faida. Wenye fedha wanamtaka azirudishe zikiwa zimezaa. Mtu aliyeacha ajira ili asiwe na bosi, akajenga kampuni, akaiuza, sasa anaandika ripoti kila robo mwaka kwa watu ambao hawajali alikula nini mwaka 1995.

Nikamwambia mpwa amuulize mambo mawili yule bwana: fedha ni za nani, na kampuni ikifika mikoa mitatu ikaanza kutoa faida nzuri lakini ikaacha kukua, yeye atataka nini.

Nilitarajia maneno ya kuzungusha. Kijana akanirudia na majibu yaliyonyooka. Sehemu ndogo ni zake mwenyewe, nyingi ni za familia kadhaa za huko kwao, na mfuko bado mchanga. Kuhusu mikoa mitatu alisema waziwazi angependa wauze kampuni, au wahatarishe yote kwenda nchi ya pili. Kukaa pale pale hakumsaidii.

"Umejisikiaje?" nikamuuliza.

"Nimemheshimu zaidi, mjomba. Nataka kwenda nchi ya pili."

Akasaini. Sikumzuia, na sikuwa na sababu. Mama yake alidai kwanza aelezwe Delaware ni wapi na kwa nini isiwe BRELA, wasajili wetu wa kampuni hapa Tanzania; kijana akaeleza kwamba wawekezaji wa kule wanaijua sheria ile na hawaijui yetu. Mama akasema, "Basi mkigombana mtakwenda kugombana kwao." Sijapata jibu la kumpa mpaka leo.

Mwenzake

Chumba anachofanyia kazi kijana, Sinza, kina binti mwingine wa kompyuta. Yeye ametengeneza mfumo wa kuhesabu maji kwenye visima vya kulipia, mwenye kisima akiwa safarini aone ndoo ngapi zimeuzwa na fedha ziko wapi. Wateja anao. Wanalipa, tena kwa wakati, jambo la kushangaza mjini hapa. Biashara ile inaweza kumlisha yeye na watu wanane kwa miaka ishirini, na haitakaa ifike bilioni ya dola hata kwa maombi.

Hakuna aliyemtumia SAFE, na kwa hesabu ya robo tatu tuliyoiona, hakuna atakayemtumia. Benki inataka hati ya nyumba. Katikati hapana kitu.

Pale katikati ndipo aliposimama Julian Weber.

Nilipomsimulia habari hizi mwanasheria mmoja mstaafu, jirani yangu, alinyamaza kisha akauliza asilimia 10 ya visima inakuwa kiasi gani kwa mwaka. Tulikaa na binti tukapiga hesabu. Mzee amekubali kutoa kiasi cha fedha, kushughulikia usajili BRELA, mikataba ya wateja na mambo ya kodi TRA, na kupatikana kwa simu. Mimi nikapewa kazi ya kuandika karatasi yenyewe kwa Kiswahili, kurasa mbili, kila mtu aielewe bila mkalimani.

Nilidhani itakuwa rahisi, ninakili ya Weber basi. Kumbe Weber naye alilipwa siku Yahoo ilipokuja. Bila mnunuzi, asilimia 10 ni karatasi. Kampuni ya visima haina Yahoo wake, kwa hiyo mzee anachoweza kupata ni gawio, na gawio linatoka pale tu mwenye kampuni anapoamua litoke. Binti anataka miaka mitatu ya kwanza faida yote irudi kwenye mita na pampu. Mzee ana miaka 68 na ameuliza, kwa adabu, kama tunadhani yeye ni mti wa mbuyu.

Wiki iliyopita tulifika hapa: robo ya faida itolewe kama gawio kuanzia mwaka wa pili, na binti awe na haki ya kuzinunua hisa za mzee baada ya mwaka wa sita. Bei ya kununulia ndiyo inatugombanisha. Yeye anasema mara tatu ya alichotoa mzee, mzee anasema mara tano, na kipengele cha saba cha rasimu yangu bado kina nafasi tupu pale penye namba.